Simu Kuukuu: Yafaa Kununuliwa au Siyo?



Majuma machache yaliyopita, watu walipokuwa wakitoka Misa, baba mmoja alinivuta kando chini ya mwembe wa kanisa. Akatoa bahasha mfukoni, akanionyesha kwa siri. "Mwalimu," akasema, "hizi ni fedha za maharage. Mimi na mama watoto tumeshauriana. Binti yetu yuko chuoni Dodoma, na tangu alipoondoka hatujauona uso wake. Twataka simu ya kupangusa, tupate kuzungumza naye huku twamwona. Simu mpya hatuiwezi. Kijana mmoja pale mnadani anayo iliyotumika, inang'aa kama kioo, ataka shilingi 90,000. Je, ninunue au niache?"

Sikumjibu upesi. Nilimwomba jambo moja tu: "Rudi na bahasha yako nyumbani, mpe mama aifungie sandukuni. Fedha za maharage zilitoka kwa jembe, zisiende kwa pupa." Kisha nikamwahidi kwamba nitaandika juu ya jambo hili katika ukurasa wetu, maana najua si yeye peke yake anayeuliza. Basi leo nalipa deni langu.

NI YA KAZI GANI?

Kabla hujauliza bei, jiulize kwanza: simu hii nitaifanyia kazi gani? Mtu hanunui jembe kwa sababu jirani analo. Hununua kwa sababu ana shamba.

Kama kazi yako ni kupiga na kupokea, kuandika ujumbe mfupi, na kutuma au kupokea fedha, basi simu ndogo ya vitufe, ile ambayo vijana huiita kitochi au kiswaswadu, yakutosha kabisa. Fedha za M-Pesa na za mitandao mingine hutumwa kwa kubonyeza nyota na tarakimu, wala hazihitaji intaneti. Betri ya simu ndogo hukaa siku kadhaa, na ikianguka huiokota ukaendelea na maneno yako. Simu ndogo iliyo mpya ni bora kuliko simu kubwa iliyooza. Mwenye simu ndogo asione haya.

Lakini kama wataka kumwona mtoto aliye mbali, au kupata habari za Jumuiya na parokia kwa WhatsApp, au kutazama matokeo ya mitihani, au kumpelekea bwana shamba picha ya jani la mgomba lililougua, hapo simu janja ina kazi. Na hapo ndipo swali la yule baba lina maana: iliyotumika itafaa?

UZEE WA NAMNA MBILI

Jueni kwamba simu huzeeka kwa namna mbili. Huzeeka mwili, na huzeeka akili.

Mwili ni kioo, betri, vitufe vya pembeni, na tundu la chaja. Mambo hayo twayaona kwa macho, na fundi mwema aweza kuyatengeneza. Akili ni ule mfumo wa ndani unaoiongoza simu: kwa simu nyingi huitwa Android, na kwa simu za iPhone huitwa iOS. Kiwanda hupeleka marekebisho ya mfumo huo kwa miaka kadhaa, kisha huacha. Kikiisha kuacha, fundi wa mnadani hana dawa.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Simu yaweza kuwa safi mwilini, haina hata mkwaruzo, kumbe akili yake imekwisha zamani. Nitawapa mifano miwili. Mwezi Oktoba 2023, WhatsApp iliziacha simu zote zenye Android iliyo chini ya namba 5. Tena mwezi Mei 2025 iliziacha simu za iPhone zisizoweza kufika iOS 15.1. Sasa itazame iPhone 6, iliyotoka mwaka 2014. Ni simu nzuri ya kutazama, nyembamba, na jina lake ni kubwa. Lakini mfumo wake ulikomea namba 12. Mtu akiinunua leo kwa ajili ya kumwona binti yake kwa WhatsApp, amenunua kioo cha kujitazama mwenyewe.

Basi mwambie mwuzaji aifungue simu mahali palipoandikwa Mipangilio, kisha Kuhusu Simu. Hapo utaona namba ya Android. Shauri langu ni hili: tafuta namba 10, iliyotoka mwaka 2019, au iliyo juu yake. Ukikuta 8 au 9, ujue umri wake uliobaki ni mfupi, na bei iwe ndogo sana. Ukikuta iliyo chini ya hapo, aga kwa adabu uende zako.

Labda mtasema: "Mbona jirani yangu anayo ya zamani na yafanya kazi?" Ni kweli, leo yafanya kazi. Lakini wewe hununui siku ya leo tu. Wanunua na mwaka ujao. Tena simu isiyopata marekebisho ni kama nyumba ambayo komeo lake limelika na kutu. Waweza kulala ndani, lakini usiweke humo sanduku la fedha. Programu ya benki usiitie katika simu ya namna hiyo.

Tazama pia nafasi ya ndani. Simu yenye GB 16 hujaa upesi, maana mfumo wenyewe hula sehemu kubwa. Picha chache za Komunyo ya Kwanza zikiingia, simu huanza kulalamika. Itafute yenye 32, na 64 ni bora zaidi.

BETRI NI KAMA NG'OMBE WA MAZIWA

Ng'ombe mzee hula majani yale yale, lakini kibuyu hakijai. Ndivyo ilivyo betri ya simu. Kila mara inapojazwa na kutumika hupungua nguvu kidogo, na joto huizeesha haraka zaidi. Apple, watengenezaji wa iPhone, hueleza kwamba betri za simu zao hadi iPhone 14 zilitengenezwa ili zibakize asilimia 80 ya nguvu baada ya kujazwa kikamilifu mara 500. Mwenye kujaza kila siku huzifikia mara 500 kabla ya mwaka mmoja na nusu kwisha. Sasa fikiri juu ya simu ya miaka mitano yenye betri yake ya kwanza.

Mtu wa mjini mwenye umeme ukutani haoni shida kubwa. Sisi wa vijijini, wengi hupeleka simu dukani kwenye mionzi ya jua au jenereta, na hulipa. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme duka la kwenu hutoza shilingi 300 kila mara. Simu inayokaa siku mbili utaipeleka mara 15 kwa mwezi, yaani shilingi 4,500. Simu iliyochoka, inayotaka kujazwa kila siku, ni shilingi 9,000. Kwa mwaka, ya kwanza imekula 54,000, na ya pili imekula 108,000. Tofauti ni shilingi 54,000. Basi ile simu iliyokuwa rahisi kwa elfu ishirini imekuwa ghali kabla mwaka haujageuka, tena hukumhesabu mtoto anayetembea kila siku kwenda dukani na kurudi. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, muulize fundi: betri mpya ya aina hii yapatikana? Ni kiasi gani? Ongeza fedha hiyo juu ya bei ya simu, ndipo utajua bei yake ya kweli.

Na jambo moja la hatari. Ilaze simu juu ya meza iliyo sawa. Ikiwa yayumba, au mgongo wake umeinuka, au kioo chaachana na ukingo, basi betri imevimba. Betri iliyovimba yaweza kuwaka moto. Usiibonyeze, usiitoboe, usiilaze karibu na kitanda cha watoto. Simu ya namna hiyo usiichukue hata ukipewa bure.

JE, NI YA NANI?

Sasa nafika pale nilipomwogopea yule baba, na sharti niwaambie habari yangu mwenyewe.

Mwaka 2019 nilinunua simu iliyotumika kwa kijana mmoja kituo cha mabasi. Jua lilikuwa likitua, na basi langu lilikuwa likiunguruma. Alitaka 100,000, nikampa 70,000, akakubali upesi mno. Sikuuliza jina lake. Nilijiona mjanja.

Nilipofika nyumbani, mjukuu wangu aliifungua. Haikuwa na namba ya siri. Ndani mlikuwa na picha za watu nisiowajua. Mtoto mchanga anabatizwa. Mzee mmoja amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, anacheka. Kisha yule mzee amelala katika jeneza, na mama mmoja amesimama kando yake, khanga kichwani. Mke wangu alitazama juu ya bega langu. Akasema: "Simu hii haikuuzwa na mwenyewe. Nani auzaye maziko ya baba yake?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi nimelipa fedha yangu. Siku tatu niliiweka simu ile mfukoni. Jumapili nilikwenda nayo kanisani. Wakati wa kukiri makosa nilipiga kifua, na mkono ukaigonga simu ndani ya shati. Kesho yake niliipeleka polisi. Mwenyewe alipatikana, akaja kuichukua. Hakutazama kama kioo ni kizima, wala kama chaja ipo. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha, akamwona baba yake, akakaa chini pale pale kizingitini.

Fedha yangu haikurudi. Sijutii kuirudisha simu. Najutia zile siku tatu.

Ndugu zangu, Amri ya Saba haimhusu mwizi peke yake. Mwizi huiba kwa sababu ajua yuko mnunuzi asiyeuliza. Na sheria ya nchi nayo humwadhibu anayepokea mali ya wizi hali akijua. Wala usiseme, "Mimi sikujua," kama ulifumba macho kwa makusudi ili usijue. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, bei yenyewe ni shahidi.

Tena faida haipo. Kila simu halali ina namba yake, tarakimu 15, nayo huitwa IMEI. Ni kama alama ya moto kwenye paja la ng'ombe. Aliyeibiwa akitoa taarifa polisi na kwa kampuni ya mtandao wake, simu hufungiwa kwa namba hiyo isishike mtandao wowote nchini. Utabaki na tochi. Pia mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilizizima simu za bandia, na watu wengi waliamka asubuhi wakiwa na simu zisizosema neno. Basi, bonyeza *#06#, namba itatokea. Iandike, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Utajibiwa simu hiyo ni ya kiwanda gani na ni ya aina gani. Jibu likitaja simu nyingine kuliko ile uliyoishika mkononi, usingoje maelezo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

NAMNA YA KUIKAGUA

Msinunue mbuzi katika gunia. Nendeni mchana, wawili, na mmoja awe kijana anayejua simu. Fanyeni hivi:

Kwanza, bonyezeni *#06# na kuihakiki namba kama nilivyosema. Mwuzaji akikataa, mmepata jibu.

Pili, tazameni namba ya Android au iOS, na nafasi ya ndani.

Tatu, tieni laini yenu wenyewe. Pigeni simu, msikie na msikike. Washeni intaneti mwone kama yashika 4G. Baadhi ya simu zitokazo ng'ambo zimefungwa kwa mtandao mmoja wa huko, na laini zetu hazizijui.

Nne, fungueni WhatsApp hapo hapo, mmpigie mtu kwa picha. Hiyo ndiyo kazi mnayoitaka, basi ijaribuni kazi hiyo.

Tano, gusisheni kioo pembe zote, jaribuni kamera zote mbili, na mchomeke chaja mwone kama yaingiza moto bila kushikiliwa kwa kidole.

Sita, mwuzaji aondoe akaunti yake ya Google au ya Apple mbele ya macho yenu, kisha aifute simu yote iwe kama mpya. Asipoiondoa akaunti, siku mtakapoifuta itawadai neno la siri la mtu mwingine, na hamtaweza kuingia. Asiyejua neno la siri la simu anayoiita yake, huenda si yake.

Saba, andikianeni. Jina la mwuzaji, namba ya kitambulisho chake, namba ya IMEI, bei, tarehe, na mashahidi wawili. Mwenyekiti wa kitongoji akishuhudia, ni bora zaidi. Mwuzaji mwema hatachukia.

Laini ya mwuzaji msiipokee kamwe. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na kila laini ina jina la mtu. Nawe ukiuza simu yako, toa laini, futa picha na ujumbe, na namba ya siri ya fedha isibaki imeandikwa popote.

TUSITUPE OVYO

Msifikiri kwamba nadharau simu iliyotumika. La! Ikiwa nzima na halali, kuitumia ni tendo jema. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alituonya juu ya desturi ya kutumia na kutupa, inayovitupa vitu na mwisho huwatupa hata watu. Katika mwaka 2022 peke yake, dunia ilitoa takataka za vyombo vya umeme tani milioni 62, na kiasi kilichojulikana kukusanywa na kutengenezwa upya ipasavyo hakikufika robo. Na ndani ya betri nyingi za simu mna madini ya kobalti, ambayo sehemu yake kubwa hutoka kwa jirani zetu wa Kongo, na wako wanaoyachimba kwa mikono katika mashimo ya hatari, hata watoto. Chombo kilichomtoa mtu jasho kiasi hicho kistahili kutunzwa hata kiishe kweli.

Na kikiisha, betri isitupwe motoni wala chooni wala shambani. Mpelekeeni fundi anayekusanya vipande, au iwekeni mahali pakavu mbali na watoto mpaka mtu aende mjini.

JAWABU

Sasa wewe baba wa bahasha, najua unasoma, au binti yako mdogo anakusomea. Jawabu langu ni hili. Simu iliyotumika yafaa kununuliwa, ikiwa mambo manne yamekutana: ina kazi nyumbani mwako, akili yake bado ni hai, betri yake yavumilia au yabadilika kwa bei unayoiweza, na mwenyewe ajulikana. Likikosekana moja katika hayo, shilingi 90,000 ni nyingi, na hata 20,000 ni nyingi. Likikosekana lile la nne, hata bure ni ghali.

Mara nyingi simu bora haiko mnadani. Iko kwa mwalimu, au muuguzi wa zahanati, au ndugu aliye mjini anayetaka kununua nyingine. Uliza katika Jumuiya yako kwanza. Mtu unayesali naye Rozari Alhamisi si rahisi akuuzie uongo, na akikosea unajua mlango wake.

Na kama hukuipata mwezi huu, usikate tamaa. Mwombe mwenye simu nzuri katika Jumuiya akuazime robo saa Jumapili, ununue kifurushi kidogo, umwone binti yako. Hakuna Mkristo atakayekunyima jambo hilo. Mwambie mama avae khanga yake nzuri, mkae pale penye mwanga. Bahasha iendelee kulala sandukuni mpaka siku ya haki yake.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya watoto na simu usiku. Kwa herini.